Waraka kwa Wanaoingia bila Hodi

Kwa wakuu wa Windows Update,
Microsoft, Redmond, Jimbo la Washington, Marekani

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Dar es Salaam kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si la mtu mmoja. Kompyuta zetu hujisasisha kwa amri yenu, kwa saa mnayoipanga ninyi, kwa bando tulilolinunua sisi, na mara nyingi bila mwenye mashine kuulizwa neno. Jambo hili linamgusa mwalimu anayetunga mtihani, karani wa zahanati, mwanafunzi mwenye laptopu ya mtumba, na mwenye steshenari ambaye pango lake linatoka kwenye kurasa anazochapa.

Nianze na haki yenu, kwa sababu mnayo na sitaki mdhani siioni. Januari 2003 mnyoo wa Slammer ulizagaa duniani kwa dakika chache tu, na kiraka cha kuuzuia mlikuwa mmekitoa tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Agosti ukaja Blaster, kiraka chake kikiwa hakijatimiza mwezi. Halafu tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa WannaCry ukafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zikafuta miadi ya wagonjwa, na baadhi zikaomba magari ya wagonjwa yapelekwe kwingine. Kiraka cha tundu lile mlikitoa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta yenye tundu haimdhuru mwenyewe tu. Hutumika kumshambulia jirani. Mtu akiniambia masasisho ya usalama ni usumbufu mtupu, nitabishana naye mpaka jua lizame.

Kwa hiyo msinisome kama mtetezi wa mashine zisizo na viraka. Ninachopinga ni kwamba idhini ya kuziba matundu mmeitumia kupitisha mizigo mingine. Na hata pale kazi ilipokuwa ya kuziba tundu kweli, mmejichukulia saa na fedha za watu bila kuwauliza.

Najua jibu la kwanza litakalotoka kwa mawakili wenu: ruhusa tulishaitoa. Masharti ya leseni ya Windows 10 yanasema anayeyakubali amekubali pia kupokea masasisho ya kiotomatiki bila kuarifiwa tena. Ni kweli, yamo. Lakini njooni Kariakoo mwone ni nani hubonyeza kitufe cha kukubali. Laptopu iliyostaafu ofisini Ulaya inashuka kwenye kontena, leseni yake ikiwa imo ndani ya mashine tangu kiwandani. Fundi anaifuta, anaipiga Windows upya, anabonyeza "nakubali" huku mashine nyingine nne zikimsubiri mezani, anaitia kwenye mfuko. Mnunuzi anaipokea ikiwa tayari kwa kazi. Masharti hakuyaona. Na angeyaona, asingekuta mahali pa kusema hili nalikubali, hili silikubali.

Tena tuseme mawakili wana haki, kwamba programu ni mali yenu na sisi ni wapangaji. Huku kwetu hata mwenye nyumba humbishia hodi mpangaji wake. Moto ukiwaka hakuna anayesubiri hodi, na hakuna mpangaji atakayelalamika mlango ukivunjwa ili moto uzimwe. Ila aliyeingia kwa ajili ya moto hapangi upya makochi.

Ninyi makochi mmeyapanga upya, na kumbukumbu ipo.

Mwaka 2007 watumiaji wa XP na Vista waliokuwa wamechagua kuulizwa kabla ya chochote kusimikwa waligundua kwamba mafaili yamebadilishwa kwenye mashine zao kimyakimya. Mlieleza kwamba mlikuwa mnaisasisha programu ya Windows Update yenyewe ili iendelee kufanya kazi. Kwa fundi, maelezo yale yana mantiki. Lakini mtu yule alikuwa ameshawajibu kwa maandishi, kwenye kisanduku mlichomtengenezea wenyewe, na jibu lake mlilipita.

Mwaka 2015 ndio ulioharibu uhusiano wetu kabisa. Kupitia njia ileile ya viraka, mlituma kwenye Windows 7 na Windows 8.1 programu ya kutangaza Windows 10. Februari 2016 mkaipandisha Windows 10 yenyewe kuwa sasisho linalopendekezwa, kwa hiyo aliyeacha mpangilio wake kama ulivyokuwa akakuta linajipakua. Mei ikaja ile ya kidirisha: kubonyeza X, alama ambayo kwa miaka yote mmetufundisha kwamba maana yake ni funga na achana nalo, kukahesabiwa kuwa ni kuiacha ratiba ya kusimika iendelee. Mtu alifunga kidirisha jioni, asubuhi akaamka ana mfumo mwingine. Mwishoni mwa mwaka huo Chris Capossela, mkuu wenu wa masoko, alikiri hadharani kwamba pale mlivuka mpaka. Nampongeza kwa kukiri. Lakini alikiri Desemba, na ofa yenu ya bure ilikuwa imefungwa tangu tarehe 29 Julai. Kukiri kulikuja wakati hakuna tena cha kupoteza.

Waliolipa gharama wanajulikana. Mwanamke mwenye biashara ya uwakala wa usafiri huko Sausalito, California, aliwapeleka kwenye mahakama ya madai madogo baada ya kompyuta yake ya kazi kulemazwa na usimikaji ambao anasema hakuuidhinisha. Akapewa dola 10,000, nanyi mkaiacha rufaa mkisema mnaepuka gharama za kesi. Karibu zaidi na kwetu, katika hifadhi ya Chinko huko Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako askari wa wanyamapori wanapambana na majangili wenye silaha, mfanyakazi alilalamika hadharani kwamba laptopu zao zilianza kuipakua Windows 10 kupitia setilaiti. Pale porini kila megabaiti inalipiwa, na mtandao huohuo ndio unaowaunganisha walio doria. Hakuna mtu pale aliyekuwa ameomba mfumo mpya.

Oktoba 2018 mlitoa toleo jipya la Windows 10, na baadhi ya watu wakafungua folda zao za nyaraka wakazikuta tupu. Wengi wao walikuwa wamebonyeza "kagua masasisho" tu, nanyi mkahesabu kuwa wameliomba toleo zima. Ripoti za mafaili kupotea zilikuwa zimeshatumwa kwenu na waliojitolea kulijaribu kabla halijatoka, lakini hazikupewa uzito. Mlilisimamisha ndani ya siku chache, na hilo lilikuwa jema. Kisha mkasema malalamiko yalikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Aliyepoteza tasnifu yake alipoteza yote.

Na Julai 2019, sasisho la Windows 7 mliloliita la usalama tu lilikutwa na kijenzi cha kukagua mashine na kutuma takwimu kwenu. Jina lilisema usalama tu. Hapo ndipo mtu mwangalifu kabisa, anayesoma maelezo ya kila kiraka kabla ya kukisimika, alipokosa pa kushika.

Sasa tuje kwenye saa na fedha, maana huku ndiko kunakouma kila mwezi. Viraka vyenu hutoka Jumanne ya pili, utaratibu mliouanza Oktoba 2003, saa nne asubuhi kwa saa za Redmond. Kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea msimu wenu. Jumatano asubuhi mtu anafungua duka, anawasha hotspoti ya simu yake, na upakuaji unaanza chinichini. Windows haijui kwamba Wi-Fi ile ni simu ya mtu na bando la wiki. Ni mpaka mwenyewe aingie kwenye mipangilio, atafute mahali pa kutangaza kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, apawashe. Ni wangapi waliowahi kuelekezwa hapo? Furushi la mwezi ni mamia ya megabaiti, na toleo jipya zima ni gigabaiti tatu na zaidi. Mwaka 2017 mlisema kwamba hata kwenye mtandao wa kulipia kwa kipimo, yale mnayoona ni ya lazima yatapakuliwa tu. Na Windows 10 ilipotoka, matoleo ya Home na Pro yalikuja yakiwa tayari yamepangwa kuwagawia watu wengine kwenye intaneti vipande vya masasisho kutoka kwenye kompyuta ya mtumiaji. Yaani bando la mwanafunzi wa Mbeya liliwekwa kuwa sehemu ya mtandao wenu wa usambazaji, na aliyeweka ni ninyi. Kwenye nchi ambako intaneti hulipiwa kwa mwezi bila kipimo, huenda hilo halikuonekana kuwa jambo. Hapa ni fedha ya mtu, imetoka mfukoni mwake.

Fikirini duka la steshenari mbele ya chuo, upana mita mbili. Kuna kompyuta moja, printa moja, mashine ya kutoa kopi na ya laminesheni, na wanafunzi saba wamesimama na flashi mkononi siku ya mwisho ya kukabidhi kazi. Skrini inageuka buluu, vidoti vinazunguka, maandishi yanasema masasisho yanaendelea, asilimia 27, usizime kompyuta. Dada wa dukani anaketi na mikono mapajani, hana la kufanya. Asilimia 27 inakaa palepale. Wanafunzi wawili wanaondoka. Kisha umeme unakatika. Amri ile ya kutozima kompyuta mliwaandikia watu ambao umeme wao haukatiki. Kompyuta ya mezani isiyo na betri haina namna ya kuitii. Umeme ukirudi, mashine inawaka ikisema inarudisha mabadiliko nyuma, na foleni imeshahamia duka la jirani.

Matokeo yake, waheshimiwa, mnayajua? Mwulizeni fundi yeyote hufanya nini akimaliza kupiga Windows. Atawajibu bila kusita: nazima apdeti. Anafungua orodha ya huduma, anaitafuta Windows Update, anaizima na kuhakikisha haijiwashi. Mara nyingi mteja mwenyewe ndiye aliyeagiza: "Fundi, unizimie na apdeti, zinakula bando." Fundi huyu si mjinga na mteja si mkaidi. Wamefundishwa na miaka ile ya X kwamba kinachopita kwenye mlango ule si kiraka peke yake, wakafanya hesabu na kuufunga wote. Basi mashine inakaa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kiraka hata kimoja, ikipokea flashi za mtaa mzima. Hizo ndizo mashine ambazo mnyoo kama WannaCry huzitafuta. Ninyi mlipoondoa uwezo wa kusema "subiri", hamkuwaacha watu na "ndiyo". Mliwaacha na "hapana" ya moja kwa moja. Hili naliona kuwa ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja, kwa kuwa lilifanywa kwa jina la usalama na usalama ndio uliopungua.

Nanyi mnajua inavyokuwa pale sasisho la mtu mwingine linapoingia bila hodi, kwa sababu mlibeba lawama zake. Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ilituma faili dogo la usalama. Programu yake ilitarajia vipengele 20, faili likaleta 21, ikasoma mahali pasipo pake, Windows ikaanguka. Dakika 78 baadaye faili liliondolewa, lakini ninyi wenyewe mlikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeguswa, na nyingi ilibidi zifuatwe moja moja na mtu aliyelifuta faili kwa mkono. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya skrini yenu ya buluu. Waliokuwa wamechagua kubaki toleo moja nyuma ili wengine watangulie kujaribu walianguka vilevile, kwani mafaili ya aina ile hayakuwa yakifuata chaguo lao. Shirika la ndege la Delta, lililofuta safari zipatazo 7,000, lilifungua kesi likidai kwamba lilikuwa limezima masasisho ya kiotomatiki. Baada ya maumivu hayo CrowdStrike iliwapa wateja uwezo wa kuamua lini mafaili yale yawafikie, na ikaanza kuyatoa kwa awamu. Kumbe iliwezekana.

Na kwenu inawezekana pia, tena mmeshaifanya. Wateja wenu wakubwa wana toleo la Windows 10 Enterprise linaloitwa LTSC, ambalo hupata viraka vya usalama kwa miaka bila kubadilishiwa sura wala kuongezewa mambo. Idara zao za kompyuta hupokea viraka, huvijaribu kwanza, kisha huvisambaza siku wanayoitaka. Mwaka 2015 mwenye toleo la Pro aliweza kuahirisha matoleo mapya, wa Home hakuweza. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hodi haiwezekani kiufundi. Mmeiweka kwenye bei. Nakiri kwamba Mei 2019 mlilegeza, mkampa hata mtu wa Home nafasi ya kusitisha hadi siku 35 na kuchagua lini aanze toleo jipya. Lilikuwa jambo jema, na lilichukua miaka minne.

Nimeliacha mwisho jambo linaloniumiza kuliko mengine. Kwa miaka kumi hamkuturuhusu kuyakataa masasisho yenu. Tarehe 14 Oktoba 2025 mkayakata. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Sasa pitieni meza za laptopu za mtumba Kariakoo: HP EliteBook 840 G3, prosesa ya kizazi cha sita, kioo kizuri, kibodi imara, inafanya kazi zote za mwalimu na mhasibu. Haimo kwenye orodha yenu. Mashine ileile mliyoilazimisha ipokee kila mlichotaka sasa inaomba kiraka na inaambiwa mwenyewe alipie dola 30, au akusanye pointi 1,000 za zawadi zenu, au afungue akaunti kwenu na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye seva zenu. Kwa malipo hayo mlitangaza mwaka mmoja tu, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya shirika la walaji la Euroconsumers kuwabana, mliziondolea sharti la kulipa na la kuhifadhi mipangilio. Na aliye na LTSC 2019, ambayo ni Windows 10 hiyohiyo, viraka vyake vinaendelea hadi Januari 2029. Kwa hiyo viraka vitakuwa vinatengenezwa. Swali ni nani atapewa.

Mlitwambia kompyuta isiyo na kiraka ni hatari kwa wote, na kwa sababu hiyo hatukustahili kuulizwa. Nilikubaliana nanyi sehemu ya kwanza. Ikiwa ni kweli, basi ilikuwa kweli pia tarehe 15 Oktoba 2025, Mwanza na Paris.

Naomba haya, kwa adabu zote. Kiraka cha usalama kije peke yake, kwa kila toleo na si kwa wenye mikataba mikubwa tu, na lolote lisilo la usalama lije na swali lake lenye "hapana" inayobaki kuwa hapana. Kabla ya kupakua, Windows itaje ukubwa kwa megabaiti na imwulize mwenyewe, mara ya kwanza anapounganisha Wi-Fi mpya, kama mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Tundu linaloshambuliwa wakati huohuo lizibeni bila kusubiri, kisha mweleze kwa Kiswahili kinachoeleweka mlichokifanya. Na viraka vya Windows 10 mnavyowapa watu wa Ulaya bila dola 30 wapeni na watu wa huku kwa masharti yaleyale, kwani laptopu nyingi tunazozizungumzia zilinunuliwa mpya hukohuko Ulaya kabla hazijatufikia.

Jibu lenu nitalitangaza kama nilivyoutangaza waraka huu.

Wenu kwa heshima,
Mtumiaji wa Windows,
Dar es Salaam